Gego la Nne

Jumatatu, 17 Julai 1995

Naanza leo, na naahidi kuandika kila kitu bila kupunguza, hata yale ambayo nikiyasoma ukubwani nitaona haya.

Madaktari wa meno wamefika shuleni kwetu Mwamapalala. Gari limetoka Bariadi na litakaa hadi Ijumaa, kisha liende Mkula. Mkubwa wao ni mwanamke, Daktari Apolonia. Anavaa taa kwenye paji la uso. Mwalimu Januarius alituonya tusimuulize maswali ya kijinga. Daktari akasema hayo ndiyo anayoyapenda. Nikampenda hapo hapo.

Alichora gego ubaoni. Nilidhani gego ni bapa kama jiwe la kusagia. Sivyo. Lina matuta na mifereji kama shamba la viazi! Chakula kinajificha mferejini, mswaki haufiki, na tundu linaanzia humo. Sasa wao wana dawa nyeupe ya kuziba ile mifereji kabla tundu halijaanza. Nilisema bila kunyoosha mkono kwamba ni kama bibi anavyosiriba kihenge kabla ya kuweka mtama, ili wadudu wakose pa kuingilia. Daktari akasema kuanzia leo ataeleza hivyo kila shule.

Violeth, nyuma yangu, alinong'ona kwamba ndiyo maana mdomo wangu unanuka kihenge. Baba yake Violeth ananunua pamba tangu watu binafsi waruhusiwe, na amefungua duka. Lina pipi za rangi zote. Zamani sisi tulikuwa na miwa tu. Violeth huja darasani na shavu moja limevimba, lakini ni pipi.

Mayu, yaani mama yangu, shavu lake likivimba si pipi. Msimu huu amechuma pamba kafunga kanga kidevuni. Amebakiwa na gego moja tu zima. Usiku namsikia akizunguka uani. Mimi sitaki. Nataka magego yangu yote yazibwe, hata moja lisibaki.

Masharti ni haya. Gego liwe halina tundu. Liwe limetoka lote. Na mwenye gego awe mwanafunzi.

Jumanne, 18 Julai

Leo ilikuwa zamu yangu. Nililala juu ya meza ya mwalimu. Daktari alinipa kioo kidogo, akageuza taa, nikaona nyuma kabisa ya mdomo wangu. Nimekaa na mdomo huu miaka yote na sikuwahi kufika huko. Matuta yapo kweli. Nilitaka kuendelea kutazama lakini foleni ilikuwa ndefu.

Gego linatakiwa kuwa kavu. Aliweka vipande vya pamba pembeni ya ulimi. Niliwaza kwamba huenda ni pamba yetu, ilitoka shambani kwa gunia, ikasafiri isikojulikana, imerudi kinywani mwangu imeoshwa. Machozi yalinitoka. Daktari akauliza kama inauma. Sikuweza kujibu, nilikuwa na pamba. Akapaka tone la dawa, akalikandamiza kwa kidole, akahesabu polepole. Basi. Hakuna sindano, hakuna damu.

Magego matatu ya nyuma yamezibwa. La nne, chini kulia, bado limefunikwa na kinyama cha ufizi. Akasema niwe na subira, watarudi mwakani. Hadi wakati huo nilipige mswaki kwa kuulaza mkingamo, maana liko chini kuliko wenzake.

Mwakani! Tundu halingojei mwakani. Violeth yeye yametoka yote manne. Amenionyesha kwa kufungua mdomo mbele yangu wakati wa uji.

Nina mpango. Gego linatoka kwa kazi. Bibi ana michembe ghalani, viazi vilivyokauka hadi vinalia vikigongana. Watu wanaichemsha. Mimi nitaitafuna mikavu, upande wa kulia, hadi gego lenyewe liinuke kuona kuna nini.

Jumatano, 19 Julai

Taya linauma. Gego halijainuka.

Asubuhi nilimwamkia Guku, yaani babu, akiwa zizini. Mwangaluka yangu, salamu yetu ya asubuhi, ilitoka imepinda. Akanishika kidevu, akavuta mdomo chini kama anavyofanya kwa ng'ombe mnadani. Guku akiangalia meno anajua umri wa ng'ombe yeyote, na wauzaji wa Zagayu wanamwogopa. Akasema mimi bado ndama na jino linakuja lenyewe, niache chakula cha watu. Kisha akauliza kwa upole kama hiyo dawa nyeupe inaweza kufanya meno ya ng'ombe mzee yaonekane ya kijana. Nikamwambia sharti ni kuwa mwanafunzi. Akasikitika.

Mpango wa pili. Nilifikiri hivi: daktari alipoliona gego langu alikuwa amechoka. Akiliona upya kama la mtu mwingine, huenda akaona limetoka. Binamu yangu Milembe, tunayesoma naye, hayupo, amekwenda Zagayu kwa shangazi. Mchana nikafunga kitambaa kichwani, nikapanga foleni, nikajitaja kuwa Milembe. Mwandishi wa majina akaliita jina hilo. Nikalala mezani nimefumba macho, ili nisitambulike.

Daktari akawasha taa. Akachungulia ndani. Kisha akasema, “Shikamoo hujaitoa, Salu.”

Nikauliza amejuaje. Akasema sura za watu anasahau, hata ya jirani yake, lakini mdomo akishauona hausahau. Akanieleza mferejini mwa gego langu la juu kushoto kuna njia panda ndogo, hajaiona kwa mtoto mwingine. Nilimkodolea macho tu. Kuna mtu duniani anayejua njia panda iliyomo kinywani mwangu! Nilirudi darasani bila hata kukumbuka kwamba nimeshindwa.

Alhamisi, 20 Julai

Siku ya mwisho ya kuziba. Naandika taratibu kwa sababu midomo bado ina mafuta, yasidondokee daftari.

Kama wao hawanizibi, nitajiziba. Nilitumia ulimbo, utomvu ule tunaonasia ndege. Nilifuata utaratibu wote wa daktari. Nilikausha gego kwa pamba kutoka kwenye gunia letu. Nikapaka. Nikauma ili likae sawa, nikahesabu polepole kama yeye.

Halafu nikataka kufungua mdomo.

Mwalimu Januarius aliniita nisome. Nikasimama. Nikasema mmm. Akasema nisome, nisiimbe. Nikasema mmm kwa heshima zaidi. Violeth akasema, “Mwalimu, mwacheni, leo wamemziba panapostahili.” Darasa zima lilicheka. Hata mimi nilicheka, kwa pua.

Nikapelekwa kwa daktari. Alicheka hadi mwanga wa taa yake ukawa unarukaruka ukutani. Aliagiza mafuta ya pamba kwa mpishi wa uji, akanisugua hadi taya likaachia, akatoa ulimbo wote kipande kwa kipande. Kisha akaangalia. Akaacha kucheka. Akasogeza taa. Kile kinyama kilikuwa kimerudi nyuma, na gego limetoka lote, jipya kabisa.

Akasema lilikuwa njiani lenyewe na lingetoka hata ningelala wiki nzima. “Si michembe, na si ulimbo. Umenisikia, mwanangu?”

Nikasema nimesikia.

Akaliosha, akalikausha, akaniachia kioo nishike mwenyewe. Niliona tone likiingia mferejini na kutambaa, likafuata kila kona, likatulia. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele na mimi sikuwasikia. Akaniambia dawa haimaanishi niache mswaki, wala haimaanishi nihamie dukani kwa kina Violeth. Nikaitikia yote.

Nyumbani Mayu aliomba aone. Akaleta kibatari karibu, akatazama muda mrefu. Akasema ni zuri. Akagusa shavu lake, akaenda kuteka maji.

Ijumaa, 21 Julai

Wameondoka. Nimewaza vizuri na nimeelewa kilichotokea. Michembe ililegeza kinyama, ulimbo ukakivuta. Daktari ni mnyenyekevu tu, hapendi kujisifu kwa niaba yangu.

Pia nimeona kosa langu la Jumatano. Jina lilifaa kabisa. Kilichoniponza ni mdomo, kwa kuwa alikwisha kuuona. Mdomo wa Mayu hajawahi kuuona. Sare ya Milembe nitaiongeza kitambaa kiunoni, imtoshe Mayu. Mayu si mrefu sana akiinama, na kunyamaza foleni nzima anaweza.

Nimempa dereva karatasi, ampe daktari wakifika Mkula. Nimeandika: “Shikamoo Daktari. Gego halijambo. Naomba jibu kwa gari hili hili likirudi: mwakani mtakapokuja, mwanafunzi wa darasa la sita mwenye gego moja tu zima, anaruhusiwa kuwa na umri gani mwisho?”