Chupa ya Juu Kabisa

Jumatatu, 4 Machi
Mvua mjini Suva tangu alfajiri. Daktari Vasemaca, mkuu wa idara yetu ya anatomia, ametangaza: kazi ya kudumu ni moja, makarani wa muda ni wawili. Mimi na Filimone. Ijumaa atatuhoji kuhusu mfumo wa neva. Mama amekwisha kuliambia kanisa zima kwamba nimeajiriwa! Nikikosa, narudi kisiwani Kadavu kupalilia shamba la mjomba la yaqona, mizizi ya kinywaji chetu.

Filimone ni mtani wangu; mzimu wa kwao na wa kwetu ni mmoja. Kwa hiyo amekula samaki wangu na mhogo wangu, akalalamika kwamba chumvi imepungua. Mila hainiruhusu hata kununa.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma. Ubongo na ugwe wa mgongoni ndio makao makuu. Neva nyingine ni matarishi: hizi hupeleka habari, zile huleta amri. Ubongo wa kushoto huendesha mkono wa kulia. Kwa nini vipishane? Inanitisha.

Filimone husomea chumba cha chupa, palipohifadhiwa vichwa na viungo vya maiti, mchana. Mpango: nimtishe asirudi tena. Uzi wa kuvulia, kijiko, na chupa ya juu kabisa, yenye ubongo wa mzee aliyeutoa mwili wake kwa masomo kabla sijazaliwa.

Nimepanda ngazi, nimefunga kijiko kwenye uzi ili nikivuta kigonge chupa. Kushuka tu, nikakumbuka. Nimepitisha mkono juu ya vichwa vyote vile bila kusema "tulou"! Hata juu ya kichwa cha mtoto hatuchukui kitu bila kuomba radhi. Nirudi juu? Niliogopa. Nikaondoka.

Jumatano, 6 Machi
Nilijificha chini ya meza, kiwiko kwenye saruji. Filimone aliingia, akasema tulou, akaketi, akapiga makofi ya heshima. Nikavuta uzi. Ngo!

Hakukimbia. Akauliza kwa upole, "Mzee, nikikanyaga mwiba, mguu husubiri amri ya ubongo?"

Nikavuta kwa nguvu. Ngo, ngo!

"Mbili ni hapana, eh? Ugwe wa mgongoni unatosha. Vinaka, asante, mzee."

Akamaliza somo zima hivyo! Nikauachia uzi kwa hasira. Ndipo akauliza kama kuna mtu mwingine humu.

Ngo.

Sikuvuta. Uzi ulikuwa umelala sakafuni.

Kitu cha baridi kikanigusa shingoni. Nilijikuta mlangoni kabla sijafikiri. Filimone akapaza sauti, "Mtani! Kumbe umehamia chini ya meza? Kodi unamlipa nani?"

Jioni, kidole cha pete na cha mwisho, mkono wa kulia, vimekufa. Najua aliyevichukua.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari aliuliza kwa nini nashika kalamu kama mwiko. Nikakiri yote: uzi, tulou, laana. Akasema kuna neva inayopita nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Ukiilalia, vidole hivyo viwili hufa ganzi. "Hakuna laana, kijana wangu, kuna saruji."

Akaniuliza nini huondoa mkono motoni kabla mtu hajafikiri. Nikajibu: mizimu.

Filimone alijibu yote, akamshukuru mzee. Kazi ni yake. Mimi nimehurumiwa: mwezi mmoja wa kufuta vumbi chumba cha chupa. Peke yangu. Mama sijamwambia.

Jumatatu, 11 Machi
Vidole vimepona. Filimone ameshuka kutoka kwenye meza yake mpya ya ghorofani, amekula mhogo wangu, amepanda tena.

Mpango mpya! Nitamtisha huko huko mezani hadi aache kazi. Nahitaji uzi tu. Ule wa zamani niliukata Alhamisi, nikautupa pipani. Pipani haumo.

Ngo. Kutoka chupa ya juu kabisa.

Filimone, bila shaka. Lakini namsikia ghorofani akicheka na Daktari. Basi ni panya. Nimepanda ngazi, nimenyoosha mkono juu ya chupa zote. Uzi uko pale, umefungwa upya, na fundo si langu.

Nimeuchukua hivyo hivyo. Fundo ni imara kuliko langu, litanifaa.

Tulou nitasema nikimaliza.