Kompyuta Isiyozimwa

Khatibu, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa mji wowote ambao bado haujamjua, alikuwa anakunywa chai ya tangawizi pale Kibondo aliposikia watu wa meza ya pili wakimzungumzia mwanamke wa Kasulu anayetafuta kompyuta ya kuwaka usiku na mchana bila kuzimwa. Mwanamke mwenyewe ni Mama Niyubahwe, mnunuzi mkubwa wa asali. Ghala lake limejaa ndoo mpaka mlangoni, wezi wameshalionja, na sasa kafunga kamera kila pembe. Kilichobaki ni kompyuta ya kupokea na kutunza picha.

Mtu mwingine angesikia habari ya wizi akasikitika. Khatibu alisikia asali tu, akalipa chai yake na kuondoka.

Tuseme ukweli juu ya mali yake. Alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni pikipiki nyekundu, aliyoipenda kuliko ndugu zake, kwa kuwa ndugu hawakuwahi kumtoa mjini kwa kasi ile. Cha pili ni kompyuta ya mezani aliyoipata ofisi fulani ilipokuwa inatupa vyombo chakavu. Prosesa iliyokuwa ndani, yaani ubongo wake, ilikuwa ya zamani kiasi kwamba fundi akiiona anaiamkia. Lakini nje ya sanduku Khatibu alikuwa amebandika stika inayong'aa ya prosesa mpya kabisa, na kwenye kioo akaweka picha ya ukurasa unaothibitisha uongo wa stika.

Kasoro ilikuwa moja. Kila ilipowashwa upya, kompyuta ile ilitaja kwenye kioo jina la prosesa yake ya kweli kabla ya kufanya lolote. Kwa hiyo wateja wote waliopita, waliokuwa na tabia mbaya ya kuzima vitu, walimgundua. Na leo Mwenyezi Mungu anamletea mama asiyetaka kuzima! Mwenye macho haambiwi tazama. Khatibu akaifunga kompyuta nyuma ya pikipiki, akashika barabara ya Kasulu.

"Mwakeye, mama!" alisalimia kwa madaha, akijitahidi kufuata Kiha cha wenyeji.

"Mwakeye ni ya asubuhi, baba. Sasa hivi jua linashuka," alijibu Mama Niyubahwe, mwanamke mnene, mpole, mwenye macho ya kusinzia. "Karibu lakini."

Khatibu alijitambulisha kuwa ni injinia. Akaiwasha kompyuta huku kioo kimeelekea ukutani, akakigeuza baada ya jina la aibu kupita, kisha akaanza kuhubiri.

"Mama, watu wanakosea. Wakisikia kompyuta ya kukesha wanakimbilia prosesa yenye nguvu kuliko zote. Hiyo ni farasi wa mashindano. Inakula umeme, inachemka, na feni inapiga kelele mpaka jirani anakuja kushtaki. Kazi ya kukesha inataka punda. Hali sana, hapati joto, leo kama jana. Prosesa ya kukesha huipimi kwa mbio zake, unaipima kwa utulivu wake."

Ajabu ya mambo ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Waongo wazuri huchanganya ukweli mwingi, kama mpishi anayeficha nyama moja kwenye sufuria ya viazi.

"Na punda huyo ndiye huyu?"

"Ndiye huyu. Soma stika. Sharti lake moja tu, mama yangu: haizimwi. Ikizimwa hata mara moja, imekufa. Haina thamani tena, wala usihangaike kuita fundi."

Mama Niyubahwe aliitazama kompyuta, akamtazama Khatibu, akatazama pikipiki pale nje. Macho yalizidi kusinzia.

"Nitakupa ndoo kumi za asali," alisema. "Ila kwetu, ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa kutazamwa. Aliyemleta anakaa naye hapa hapa, anamlisha, mpaka akamuliwe nyumbani kwa mnunuzi na maziwa yaonekane. Kaa na ng'ombe wako mpaka siku ya soko. Chumba kipo, ugali upo, maharage ndiyo usiseme."

Khatibu alihesabu ndoo kumi kichwani, akaona chumba na maharage ni nyongeza ya heshima. Akaziunganisha kamera zote, moja baada ya nyingine, ikiwemo ile ya ofisini ilimowekwa kompyuta yenyewe, akaketi kumlinda ng'ombe.

Ng'ombe alianza kulalamika asubuhi iliyofuata. Kupokea picha za kamera zote kwa pamoja kulikuwa kazi kubwa kuliko umri wake. Feni ililia. Picha zikawa ukungu, tena zikachelewa: kwenye kioo mbuzi wa jirani alionekana akiingia ghalani kwa raha zake, wakati mbuzi huyo huyo alikuwa ameshatolewa kwa fimbo na yuko barabarani.

"Injinia, mbona inalia?" aliuliza mama.

"Inazoea hali ya hewa, mama. Huku kwenu kuna baridi."

"Kumbe inasikia baridi! Mimi nilivyoigusa niliona inaungua."

"Homa ya baridi, mama," alisema Khatibu, na mama alipotoka akachukua mfuniko wa sufuria, akaanza kuipepea. Akaipepea akila, akaipepea akiongea na simu. Yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika jembe, alitoka malengelenge kwa mfuniko.

Mkesha wa siku ya soko, mama alijifunga kitenge cha safari. "Naenda Kabanga kumwona mgonjwa hospitali, nitarudi alasiri. Kesho ukabebe ndoo zako." Mlangoni akageuka. "Ukihitaji waya au nini, pale stendi yupo Nurudini. Anauza vifaa vya kompyuta."

Hajafika hata barabarani, kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikakohoa na kunyamaza.

Khatibu alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akaisomea dua, tena kwa nia safi kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Maiti haikuitika. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Ndoo kumi zilikuwa kesho, na mama alikuwa alasiri.

Akapanda pikipiki mpaka stendi.

"Assalaam alaykum, shehe wangu. Nahitaji prosesa. Yoyote iliyo hai."

"Ya kazi gani?" aliuliza Nurudini, kijana mwenye kanzu safi na subira ya muuza duka.

"Kompyuta ya kukesha."

"Aa, basi hutaki yenye mbio. Unataka tulivu, isiyokula umeme, isiyopata joto." Nurudini akafungua kabati, akatoa boksi. "Hii hapa, pamoja na bodi yake na memori, maana mpya haikubali kukaa kwenye bodi ya zamani. Ipo moja tu Kasulu nzima."

Khatibu alitaja bei, Nurudini akatabasamu. Akapandisha, Nurudini akaendelea kutabasamu. Mwisho muuza duka akachungulia nje.

"Ile pikipiki ni yako?"

Moyo wa Khatibu ulimuuma, si utani. Lakini hesabu ilikuwa wazi: kwa ndoo kumi za asali angenunua pikipiki nyingine na chenji ibaki. Akatoa ufunguo bila kuutazama, akarudi kwa miguu, boksi kwapani, vumbi jekundu mpaka magotini.

Aliifunga prosesa mpya pamoja na bodi yake. Akawasha. Kompyuta ikaamka bila kelele, ikajitaja jina, na kwa mara ya kwanza jina hilo lilifanana na stika. Kamera zote zikatokea, picha safi kama maji ya kisima. Mbuzi alipoingia ghalani alionekana akiingia. Khatibu aliifumbata bodi mbovu, akaibusu, akacheza kidogo kwa kukata kiuno, akaificha kwenye begi. Alikuwa amefanya kazi halali, kamili, ya kiwango cha juu, na hakuna wa kumwambia.

Mama Niyubahwe alirudi alasiri. Akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Imetulia," alisema.

"Imezoea baridi, mama."

Mama akabonyeza, akarudisha picha nyuma. "Mbona hapa katikati hakuna kitu? Asubuhi ipo, halafu giza, halafu mchana."

"Ah, hiyo…"

"Ilizimika. Nawe ulisema ikizimika imekufa, haina thamani. Basi umeniuzia maiti, Injinia."

Khatibu alitaka kujitetea. Kusema kwamba hii ni prosesa nyingine, bora kuliko ya kwanza, ni kukiri ya kwanza ilikuwa nini. Mama akabonyeza tena, na kioo chote kikajaa picha ya kamera ya ofisini: Khatibu akiibusu bodi mbovu. Khatibu akikata kiuno. Khatibu akiificha begini, kila tone la jasho la paji la uso likionekana waziwazi. Ile prosesa yake chakavu ingemwonyesha kama kivuli. Hii mpya ilimtoa mpaka meno.

"Unacheza vizuri," alisema mama kwa upole. "Sasa chagua. Tukaangalie sinema hii pamoja kituo cha polisi, au uniachie kompyuta uende. Ng'ombe akishakula majani yangu siku zote hizi harudi alikotoka. Lakini mgeni hatoki kwangu mikono mitupu. Ndoo moja hiyo hapo."

Macho yake hayakuwa yanasinzia hata kidogo.

Khatibu alibeba ndoo mpaka barabarani, akapungia bodaboda ya kwanza iliyotokea. Ilikuwa nyekundu. Dereva akajitambulisha kuwa anaitwa Obedi, mcheshi, na ndiyo kwanza anaanza kazi.

"Chombo kizuri hiki," alisema Obedi wakishika njia ya Kibondo. "Mwenyewe alikitunza. Bosi kaagiza nikabidhiwe leo mchana."

"Bosi wako nani?" aliuliza Khatibu, japo mikono yake ilikuwa imeshakitambua kiti.

"Mama Niyubahwe. Duka la Nurudini pale stendi ni lake, Nurudini ni mwuzaji wake tu. Mama ana bahati kweli. Prosesa yake ya kamera ilikaa kabatini muda mrefu, hana sanduku la kuiwekea wala fundi wa kuifunga. Basi akatokea injinia mmoja, kaja na sanduku lake, kamfungia, na pikipiki kaacha." Akacheka mpaka chombo kikayumba. "Watu wengine wana roho nzuri!"

Khatibu aliikumbatia ndoo yake. Upepo wa milimani ulimpiga usoni.

"Nauli utalipaje, kaka?" aliuliza Obedi.

Khatibu aliiangalia ndoo mapajani, akaanza kufungua mfuniko.