Kwa Mkwe Preben: Kuhusu Kidenmaki Chenu na Kiuighuri Chetu

Odense, Jumanne

Kwako Mkwe Preben, na kama bado hatujawa wakwe, basi kwako Bwana Preben,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Inger-Lise, na kwamba miche yenu ya miti ya Krismasi haijaumwa na baridi. Sisi hatujambo. Aliye hajambo nusu tu ni mama yangu mzazi, Bi Zorihan, aliyekuja kutoka Almaty ili ambariki mjukuu wake Rizwangül kabla hajaolewa na mwanao Asger. Baraka amekuja nazo, lakini amezikalia na hataki kuinuka. Amesema harusi hakuna mpaka nikuandikie, na nikuandikie kwa ukali. Basi naandika kwa Kiuighuri, na Rizwangül anatafsiri. Ameniapia kwamba hatapunguza makali. (Mwanangu, na hilo liandike.)

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiuighuri kabla ya kuja huku, nitayapanga malalamiko kwa namba.

1. Siku ile tulipokuja kwenu kwa mambo ya posa, ulifungua mlango, ukamwinamia mama yangu, ukatabasamu, ukamwambia neno moja tu: "Øl?" Mimi najua ulikuwa unamkaribisha bia. Lakini neno hilohilo, kwa sauti hiyohiyo, kwetu ni amri, na maana yake ni "Kufa!" Mama akanishika mkono. "We Nurdun, umenitoa kote kule nije niuawe mlangoni?" Kabla sijafungua mdomo, alikwisha kukugeukia na kukujibu kama mtu aliyelelewa vizuri: "Sen öl!" Yaani, kufa wewe. Nawe ukasikia "en øl", bia moja, ukacheka, ukakimbia jikoni ukamletea. Bwana Preben, mtu anakutakia kifo, wewe unampa kinywaji baridi! Hadi leo mama hajui akuchukie au akuonee huruma.

2. Hatujakaa sawasawa, ukaweka mkono begani kwa Inger-Lise, ukasema kwa fahari kubwa, "Min kone." Kwenu hiyo ni "mke wangu". Kwetu "kona" ni kitu kikuukuu: kiatu kilichotoboka, godoro la kutupa. Mama alisimama, akavua shali yake, akamfunika nayo mkeo, akaanza kulia. "Njoo kwetu, binti yangu," akamwambia kwa Kiuighuri, "chumba kipo. Mwanamume anayekutaja hivyo mbele ya wageni hakufai." Inger-Lise hakuelewa hata neno moja, lakini naye akamkumbatia, akalia. Sijui alilia nini. Ningekuwa wewe, ningeuliza.

3. Mlipokuja kwetu Jumapili iliyofuata, mama alikumiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Ukasema, "Ikke sukker." Sukari aliielewa. "Ikke" yenu inakataa, lakini "ikki" yetu ni mbili. Akakutilia vijiko viwili. Ukapunga mkono, ukasema, "Ikke, ikke!" Akaongeza viwili, na viwili tena. Kosa langu mimi ni kwamba nilikuwa nacheka. Kosa lako ni kwamba uliinywa yote mpaka tone la mwisho, jasho likikutoka, eti usimvunjie mwenyeji heshima. "Maskini," mama akasema, "huko kijijini kwao sukari haifiki." Ndiyo sababu uliondoka na mfuko wa sukari ya mabonge, ambao hujautolea shukrani.

4. Kuhesabu. Sisi hamsini tunaiita "ellik", tumemaliza. Ninyi mnaiita nusu ya tatu, yaani mbili na nusu, na inabidi mtu aizidishe kwa ishirini kichwani. Tisini mnaiita nusu ya tano. Ulipotaja wageni wa upande wenu, mimi nikashika nusu ya tatu, Asger anasema ulitaja nusu ya tano. Mkwe, mchinjaji hauzi nusu ya kondoo wa tano. Nimwambie nini?

5. Hili la mwisho nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Sisi tunachoandika ndicho tunachosema. Hata irabu zetu zina adabu, za mbele zinakaa na za mbele, za nyuma na za nyuma, kama wageni wanaojua pa kukaa. Ninyi mnaandika herufi zote halafu mnasoma zile mnazozipenda. Jina la Rizwangül alilichagua marehemu mama yake. Asger, kijana mzuri, simsemi vibaya, anaanza nalo vizuri, akifika katikati analimeza kama anayemeza kidonge. "Gül", yaani ua, halijawahi kutoka kinywani mwake likiwa zima. Sasa nafikiria wajukuu. Kidenmaki kina nchi, kina shule, kina redio, kina mfalme. Mkikimeza nusu, nusu nyingine itawatosha. Kiuighuri cha mjukuu wangu kitakuwa jikoni kwangu tu. Akimeza herufi moja, nitakwenda kuiazima kwa nani?

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo. Bia itafutiwe jina jingine. Asger asimame mbele ya mama kila Jumamosi atamke jina la mchumba wake mpaka ua lichanue. Kidenmaki kisimamishwe nyumbani kwenu hadi mjukuu wa kwanza aanze shule. Na kama haya ni mazito, basi uandikie bunge lenu lifikirie kuhamia Kiuighuri, hata kwa majaribio. Tutatoa walimu. Mimi nina nafasi siku za wiki.

Wasalimie wote: Inger-Lise, majirani zako wa pande zote mbili, na yule mbwa, ambaye mama anasema anabweka bila lafudhi.

Mimi niliye karibu kuwa mkweo,
Nurdun Seypi

Baada ya saini: Mama amenirudisha mezani. Anauliza kama kaka yako Holger, yule mgane aliyekaa dirishani safari zote mbili bila kusema neno, atakuja Ijumaa kula polo, pilau yetu. Anasema ndiye Mdenmaki pekee ambaye yeye alimwelewa tangu mwanzo hadi mwisho. Nimemwambia, "Mama, Holger hakusema kitu." Akanijibu, "Ndiyo nasema anatamka vizuri." Harusi ya watoto ameiruhusu, tena iharakishwe, ili ndugu wapate kuzoeana. Tangu asubuhi amemshikilia Rizwangül amfundishe Kidenmaki, na sasa hivi yuko mbele ya kioo cha ukumbini anajizoeza kumeza.