Uzinduzi wa Uzio wa Bwawa la Kirisera

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kitongoji hiki cha Kirisera, ndugu watendaji mlioketi na mliokosa viti, waheshimiwa wafugaji, akina mama mliotoka Mugeta kwa miguu, bwana mpiga picha uliyetoka Nyakato kwa bodaboda, na mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Usalama wa Mabwawa ya Kuogelea, ambaye itifaki hainiruhusu kujisahau: nawasalimu nyote. (Makofi. Ng'ombe analia.)

Ndugu wananchi, hili mnaloliona nyuma yangu, ambamo mkandarasi wa barabara alichimba moramu akaondoka na mvua ikalijaza, ninyi kwa uelewa wenu mdogo mmekuwa mkiliita shimo. Kuanzia leo, kwa mujibu wa mkakati shirikishi uliopitia wekishopu na kuridhiwa na mastekiholda, hili ni bwawa la kuogelea la kisasa, na kwa kuwa ni bwawa la kuogelea, linastahili uzio, boya, mwokoaji aliyehitimu na kibao kisemacho "Usikimbie Ukingoni". (Sauti: "Na ng'ombe watakisoma?" Kicheko.) Ng'ombe watafikiwa awamu ya pili.

Takwimu hazidanganyi. Katika mabwawa yote ya kuogelea ya kitongoji hiki, tangu Uhuru mpaka jana, asilimia mia moja ya waogeleaji hawajazama. Nani ameleta mafanikio hayo? Msione aibu kunitaja.

Najua lipo tukio la Mama Bhoke. Simama mama, wakuone. Binti yake Jeska alikuja kunywesha mifugo, akateleza, akazama mpaka utosi, akatoka kwa kushika mkia wa ng'ombe. Pole sana. Ofisi yangu imefanya tathmini ya kina na kubaini kwamba ng'ombe yule ana vigezo vyote vya mwokoaji, isipokuwa cheti, ambacho ninacho hapa. Aje apokee. (Ng'ombe anasukumwa mbele. Anatafuna cheti.) Amekipokea kwa moyo mkunjufu.

(Mama Bhoke: "Mheshimiwa, huyu mtoto alivyozama, sisi tulizibaga hapa na miiba, kama boma. Jana vijana wako wameitoa yote. Sasa uzio uko wapi?")

Swali zuri, mama, ingawa halikuwemo kwenye ratiba. Miiba haipendezi kwenye picha, na ingenichania suti. Uzio ni huu utepe mwekundu, ambao sasa, kwa mamlaka niliyojipa, naukata. (Anaingia upande wa maji, anakata. Utepe unaangukia majini. Mbuzi anaufuata, anavutwa kwa mguu wa nyuma.) Uzio umezinduliwa rasmi!

Semeni nami: Kuzama! (Umati: "Oyee!") Hapana, hapana, kuzama ni ziii. Usalama wa bwawa! (Umati: "Ziii!") Basi, mpiga picha, sauti haitokei kwenye picha.

Kwa kuhitimisha, namshukuru mfadhili wetu, ambaye mkimwona mnijulishe. Fundi wa uzio, ambaye hatujamtafuta. Boya, ambalo nimelichora mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Na ofisi yangu, ambayo kwa sasa ni begi hili. Ndugu zangu, mradi wenyewe, kama mradi, haupo na haujawahi kuwepo, lakini picha zake zinakwenda Musoma leo hii, na kule watu wanapenda sana picha. Asanteni kwa kuja kuushuhudia.

Mama Bhoke, hiyo miiba mnaiburuta kwenda wapi? Mnaanzaje kuziba wakati mimi, mgeni rasmi, bado nimo huku ndani? Jamani, acheni basi upenyo wa mtu mmoja!

(Mama Bhoke: "Tulia humo, baba. Ulisema bwawa linastahili mwokoaji, na ng'ombe cheti kashakitafuna. Tukikuachia utoke, watoto wetu wanabaki na nani?")

Lakini mama, mimi mwenyewe sijui kuogelea!

(Makofi marefu kuliko yote. Upenyo unazibwa kwa miiba.)