Karibu ya Mdomoni

Jumatatu, 21 Desemba

Mama mkwe ametua! Safari yake ya kwanza ng'ambo, na atakula Krismasi na sisi. Hajui neno hata moja la lugha ya huku. Haikumzuia. Aliwapita maofisa wote wa uwanja wa ndege akiwaambia hamjambo, hamjambo, nao, naapa, wakatabasamu. Mimi hawajawahi kunitabasamia. Mwanamke wa ajabu!

Tatizo ni moja. Tangu nimwoe binti yake, mama huyu ananiita "fundi." Mwanyumba wangu, dalali wa nyumba aliyemwoa dada ya mke wangu, yeye anaitwa "mwanangu." Leo tena, mbele za watu: mwanangu njoo nikukumbatie, fundi beba mabegi. Nimebeba. Lakini kabla sikukuu haijaisha, nami nitaitwa mwanangu. Nimeapa.

Jumanne, 22 Desemba

Mama hana raha. Anasema jengo letu lina milango mingi na hakuna hodi hata moja. Watu gani wasiokaribishana? Mwanyumba, aliyekuja kutumalizia chai, akadakia kwamba yeye na majirani zake ni damu damu. Mwongo mkubwa! Hajui hata sura zao.

Hapo likanijia wazo. Nikamwingiza mama kwenye lifti. (Lifti ndiyo kazi yangu. Hii naitunza mimi, pamoja na nyingine za mtaa.) Tukashinda humo tukipanda na kushuka, mimi nikimkaribisha kila anayeingia kwa lugha ya huku, kisha nikimtafsiria mama. Muuguzi wa ghorofa ya pili, karibu Krismasi kwetu! Mzee mwenye mbwa, karibu! Dereva wa gari la taka na wanawe, karibuni nyote, ghorofa ya tisa!

Karibu ya mdomoni, bila shaka. Kwetu ukimwambia mtu hivyo anajibu ahsante, starehe, na anakwenda zake, na heshima imebaki pande zote mbili. Mama alinitazama kwa jicho jipya kabisa. Raha iliyoje!

Ila hawa hawakusema starehe. Walitoa simu zao wakaandika. Sijui waliandika nini.

Alhamisi, 24 Desemba

Wanakuja! Wote!

Muuguzi amegonga kuuliza alete nini. Mzee ameuliza kama mbwa naye amealikwa. Dereva ameshaleta viti. Mke wangu, kwa ile sauti yake ya chini ninayoiogopa, aliuliza nani amewaita. Nikajifanya nakohoa.

Tuna kuku mmoja, na si mnene. Niliingia jikoni kumtazama, nikatoka, nikarudi kumtazama tena. Hakuongezeka. Na nikiwaambia majirani kwamba nilikuwa nasema tu, mama atajua, na nitabaki fundi mpaka nazikwa.

Halafu, nikiwa bafuni, nikapata jawabu. Ghorofa ya tisa! Nani atapanda ngazi zote hizo na nguo za sikukuu? Kesho lifti itaugua. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Ijumaa, 25 Desemba

Mikono bado ina grisi. Naandika hivyo hivyo.

Mama na mke wangu walirudi kutoka kanisani. Nilipowasikia mlangoni nikapanda chumba cha mashine, juu ya paa, nikazima swichi kuu. Nikashuka nikisugua viganja. Mke wangu alikuwa jikoni peke yake. Mama yuko wapi? Ameshuka kumpokea mwanyumba na keki yake.

Nikatoka mbio. Nikabandika sikio kwenye mlango wa lifti. Kutoka chini huko, sauti yake: "Fundi! Hili kabati lako limekufa na sisi tumo!"

Nikakimbia juu kuwasha. Ikagoma. Kumbe kwa kuizima ghafla nilikuwa nimeunguza kitu kweli kweli! Ikabaki njia ya wazee wa kazi: kulegeza breki na kuzungusha gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo.

Na wale majirani? Walipanda ngazi! Na masufuria! Walipomsikia mama amekwama chini kidogo ya ghorofa ya sita, wakaketi pale pale kwenye ngazi. Kisha mama, mle ndani, akaanzisha wimbo wa Krismasi. Kumbe sauti ya wimbo huo wanaijua wote. Kila mmoja akaitikia kwa lugha yake.

Mimi nilikuwa juu peke yangu, nimeshika gurudumu. Sauti zilipanda shimo lote la lifti mpaka chumba kikajaa. Miaka yote nimefanya kazi kwenye mashimo hayo na sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilisahau kwamba mkosaji ni mimi. Nililia, na nikazungusha polepole makusudi, wasije wakanyamaza.

Lifti ilipofika ghorofa ya sita nikashuka mbio, nikaifungua milango kwa mkono. Mwanyumba akatoka, keki aliyoikalia imeganda kwenye suruali, analia kama mtoto. Mama akatoka anaimba. Akanishika mikono yangu iliyojaa grisi, mbele ya jengo zima, akasema, "Mwanangu. Umeniokoa, mwanangu."

Tulikula kwenye ngazi hadi tukashindwa kusimama. Kuku wetu aliishia kwa mbwa.

Jumapili, 27 Desemba

Siku mbili sasa ni mwanangu hiki, mwanangu kile. Mwanyumba anaitwa dalali. Sina cha kuongeza!

Leo mama amempigia baba mkwe simu, akamsimulia nilivyomtoa shimoni. Baba mkwe yeye huniita "yule." Hajaamini hata chembe. Amesema atakuja Pasaka ajionee mwenyewe mkwe wa namna hiyo.

Mchana kutwa nimetengeneza lifti. Jioni nikamuuliza mke wangu, kwa upole tu, kama baba anaogopa kufungiwa ndani. Akasema anaogopa sana, halafu akaniuliza kwa nini nacheka.