Senta AC ya Nyumba ya Hail

Habari ilitoka kwenye simu ya Khattab. Kuna nyumba huko Mabela, pembeni mwa Muscat, alisoma huku miwani imemteremka puani, imeuzwa kabla kibao cha kuuza hakijakauka rangi, kwa kuwa ina AC ya senta mpaka banda la mbuzi. Na si baridi tu. Mashine hiyohiyo, ukiigeuza, inatoa joto.

"Joto," akasema Bakhit.

"Joto. Nyumba nzima."

Magharibi ilishaswaliwa, jua limekwenda zake, na bado benchi la chuma mbele ya mgahawa wa chai ya karak lilikuwa lina moto hata wakalitandikia maboksi ndipo wakakaa. Mwezi wa saba Muscat hauna mchezo. Bakhit alilipapasa benchi, akaitazama simu ya mwenzake, akaona bora anywe chai.

Masouda, mke wa Bakhit, aliyasikia yote kutoka garini. Yeye benchini hakai. Huegesha gari ubavuni mwa benchi, AC inanguruma, kioo nusu chini, mhudumu anamletea kikombe dirishani, na mchango wake anautoa kutoka humo humo. Wale wa benchini wakamwita Waziri wa Ndani. Hakuchukia. Waziri angalau ana baridi.

Lakini leo habari ya Mabela ilimkereketa. Nyumba yao ya Hail, ile pale yenye taa ya kijani, ng'ambo ya barabara, ilikuwa inauzwa tangu Ramadhani. Ngazi zimemmaliza Masouda magoti. Binti yao Manal ana pacha wadogo huko Mabela, na nyumba isiyo na ghorofa, ukuta kwa ukuta na ya Manal, inawangoja. Mwenye nyumba hiyo kawapa mpaka mwisho wa mwezi wawe wameuza yao na kumlipa, basi. Baada ya hapo anampa mwingine, na Masouda atabaki kupanda na kushuka ngazi mpaka siku ya kushushwa.

Khattab, anayeitwa Mhandisi kwa kuwa alistaafu kwenye stoo ya serikali akigawa misumari, alikuwa na jibu. Wanunuzi wanakimbia kwa sababu nyumba ya Bakhit ina AC za ukutani, kila chumba na yake, kila moja na sauti yake. Siku hizi watu wanataka senta: mashine moja juu ya paa, inasukuma hewa kwa mabomba ya bati juu ya dari mpaka kila chumba. Na la joto lisisahauliwe.

Bakhit aliuliza joto la nini. Hapo Maan, dalali ambaye hajawahi kuuza kitu kikubwa kuliko friji, akamtetea Mhandisi. Mama mkwe wake, alisema, mwezi wa kwanza huvaa soksi, juu ya soksi buibui, juu ya buibui blanketi, na bado hulalamika kwamba Oman imemtupa. Mtu kama huyo akiingia nyumba yenye joto la senta, hatoki. Bakhit akasema hiyo ndiyo khofu yake.

"Dari zote zivunjwe," akasema Masouda dirishani. "Si ndivyo?"

"Kidogo tu, Bi Masouda," akasema Khattab. "Miezi miwili hivi."

"Na mwenye nyumba ya Mabela atatungoja amekaa juu ya ndoo ya jipsamu."

Maan alikuwa na njia ya mkato. Isitiwe senta; yatiwe matundu yake tu. Zile grili nyeupe za kwenye dari. Mnunuzi akiingia atatazama juu, ataziona grili, ataridhika. Watu hununua nyumba kwa macho.

"Na akiuliza baridi haiji kwa nini," Masouda alimuuliza, "nimwambie iko njiani?"

Maan alisema hilo halijawahi kumtokea. Masouda akasema ndivyo, wala kuuza nyumba hakujamtokea.

Masouda hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisomea uongozi wa biashara chuoni, akalea watoto watano, na kote kuwili alijifunza kwamba swali la kwanza ndilo watu wanalolikwepa. Akashusha kioo chote.

"Bakhit. Wale waliokuja kuitazama nyumba, nani katika wao alisema anataka senta?"

Bakhit akakoroga chai. Ilikuwa imeshakorogwa.

"Nakuuliza."

"Hapana aliyesema."

"Sasa walikimbia nini?"

Khattab aliirudia simu yake. Maan ndiye aliyemsukuma Bakhit kwa kiwiko: mwambie tu, ami, mke ni wako.

Ikatoka kipande kwa kipande. Wa kwanza alikuwa Badr, kijana wa benki. Aliingia majlis, sebule ya wageni, akasema mashallah, nyumba nzuri, ina baridi. Bakhit akamjibu nzuri wapi, mwanangu, bomba la juu linavuja na AC hizi zinakufa kwa zamu. Kijana akashukuru, akaenda zake. Wa pili, mwalimu, aliupenda ua. Bakhit akamwambia mtende una wadudu na jirani hupiga ngoma. Wa tatu hakuwahi hata kusifu. Alifungua mdomo tu, Bakhit akamuwahi kwa habari za paa.

"Bomba linavuja tangu lini?" akauliza Masouda.

"Halivuji."

"Na jirani?"

"Maskini, yule hasikii hata adhana."

"Sasa, Bakhit?"

"Sasa nifanyeje, Masouda? Mtu anaisifia nyumba yangu usoni mwangu. Watoto wetu wote wamezaliwa mle. Nimwachie jicho la husda lipite nami nnatazama?"

Benchi zima likaitikia kwa kichwa. Khattab alisema gari lake jipya huwaambia watu liko gereji, hata akiwa amelikalia. Maan mwanawe alipopata nafasi ya kwanza darasani, aliwaambia ndugu kwamba kaponea chupuchupu, na shangazi mmoja akatuma sadaka.

Masouda aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Unaiuza, Bakhit," akasema. "Husda ikiingia, itamkuta mwenye nyumba mwingine. Sasa nisikilize. Mutasim na mkewe, wale wanunuzi wapya, wanakuja hapa kutoa neno lao la mwisho. Jana wameonyeshwa nyumba na Manal, alhamdulillahi, wewe ukiwa mazikoni. Leo mdomo wako ni wa chai tu."

Bakhit akafunga mdomo palepale, ili azoee.

Mutasim alikuja akakaa benchini, mtu wa Pemba kwa asili, salamu zake ndefu mpaka zikafika kwa wajukuu. Mkewe, Balqis, hakushuka. Gari lao lilisimama sambamba na la Masouda, kioo kwa kioo, na AC za magari mawili zikawa zinawapoza paka wa barabarani.

"Mwenzangu," akasema Balqis, "nikwambie kweli. Nyumba tumeipenda. Lakini hatukulala."

"Kwa lipi?"

"Binti yako. Kaisifu mno. Jiko zuri, maji mazuri, jirani mzuri. Hakutoa kasoro hata moja. Mtu hakisifu chake hivyo ila pana jambo. Mutasim anasema kuna mtu kafia ndani."

"Hajafa mtu."

"Basi jini."

Masouda akajikuta anafanya alivyofundishwa chuoni, na ndivyo alivyomfundisha Manal: mteja akisita, mwonyeshe uzuri wa bidhaa. Akamwambia Balqis kwamba upepo wa bahari unaingia vyumba vya juu. Kioo cha Balqis kikapanda kidogo. Akamwambia nyaya zote za umeme ni mpya. Kioo kikapanda. Akamwambia majirani hawana maneno, na hapo yakabaki macho tu ya Balqis juu ya kioo, yanamtazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

Masouda aliiona Mabela inamponyoka. Akapiga honi.

"Bakhit! Sema."

Bakhit akaonyesha mdomo wake uliofungwa.

"Iseme nyumba. Yote."

Bakhit akakiweka kikombe chini kama mtu aliyefunguliwa kamba, akaanza. Bomba la juu. Mtende. Kigae cha bafuni kinachocheza. Ngazi, kama za mnara, mtu akipanda juu husahau alichofuata. AC za ukutani hazipatani hata mbili, na ya majlis inakohoa kama babu. Alivyozidi kutaja, kioo cha Balqis kilishuka, kwanza pua, kisha kidevu, mpaka mkono wote ukatoka nje umelegea dirishani. Mutasim akapumua.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa hii ni nyumba ya watu."

Mambo yangeishia hapo, lakini Khattab hakuweza kujizuia. Akawaahidi kwamba kasoro ya AC ina dawa: itatiwa senta, baridi na joto, mkitaka.

"Msithubutu," akasema Balqis. Mutasim, alieleza, hulala kwenye digrii kumi na sita, mlango wazi. Yeye hulala na blanketi mbili. Nyumba wanayoihama ina senta, rimoti moja inatawala vyumba vyote, na kwa ajili ya rimoti hiyo ndugu wa pande mbili wameshakutanishwa kusuluhisha. Anachotaka ni nyumba yenye mashine mbalimbali, kila mtu na rimoti yake, afe na baridi yake peke yake.

Mutasim hakupinga. Akampa Bakhit mkono, wakasoma Fatiha palepale juu ya maboksi, Maan akiitikia amina kwa sauti ya mtu anayetaraji ujira.

Masouda aliegemea kiti. Magoti yalimtulia kabla hajafika Mabela.

Hapo Bakhit akageuka kuitazama ile taa ya kijani ng'ambo ya barabara.

"Nyumba nzuri ile, mashallah," akasema. "Nzuri khasa. Hapana mfano wake Hail nzima."

Masouda akatoa kichwa chote dirishani. Tangu waihamie hajapata kumsikia akitamka hivyo.

Mutasim aliruka kama aliyekanyaga makaa, akatazama kulia na kushoto nani kasikia.

"Nzuri wapi, ami," akasema. "Hata senta haina."