Kuhusu Matamshi ya Jina la Mkunga Wetu wa Kiyeyi

Kiyeyi, Tororo
Novemba 1973

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Tafadhali pokea heshima zangu kwanza, malalamiko yangu yanafuata.

Mimi ni msichana niliyemaliza shule mwaka huu. Jina langu ni Athieno Wüchner, binti Bartholomew Oketcho. Ni mwoga wa kusema mbele za watu. Kwenye baraza la Jumanne niliinua mkono, Sajini Emuron akanitazama, nikajifanya najikuna kichwa. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Serikali imetangaza kwamba ndiyo lugha ya taifa, nami nilijifunza Busia ya ng'ambo, upande wa Kenya, nilikosomea nikikaa kwa Mama Zubaida, rafiki wa shangazi yangu. Baba ameniomba sana nisiandike siasa. Hii si siasa, Mheshimiwa. Ni matamshi.

Jumanne hiyo Sajini alikuja na karatasi kutoka Kampala. Ilisema kwamba mkunga wetu Mjerumani, Sista Wüchner, ambaye amezalisha wanawake wa Kiyeyi tangu kabla sijazaliwa, aondoke Uganda kabla ya mwezi huu kwisha. Siulizi sababu. Serikali ina sababu zake, nasi tumeshazoea kutoziuliza. Ninacholalamikia ni jinsi jina lake lilivyosomwa, kama ifuatavyo:

1. Jina lilisomwa mara tatu, na kila mara likawa jingine. Kwanza Sajini alisema "Wushina". Akaigeuza karatasi, akairudisha, akasema "Wukinari". Mwisho alikasirika akapaza sauti: "Wakanari!" Mzee Wandera, ambaye hana adabu lakini ni mkweli, aliuliza, "Afande, hao watatu wote wanakaa wapi? Mbona sisi hatuwajui?" Sajini akajibu, "Nyamaza, mzee! Mzungu ni moja tu. Mwezi hii ikiisha, sitaki ona yeye hapa." Watu walicheka viganja vikiwa midomoni. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nafikiri. Kiyeyi hakuna mtu anayeitwa Wushina, wala Wukinari, wala Wakanari. Hivyo agizo la Serikali limekuja kwa mtu asiyekuwepo, na mtu asiyekuwepo hawezi kuondoka. Nasikitika kuona agizo zuri likikosa mwenyewe.

2. Kwetu Padhola jina si kitu cha kuokota njiani. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, nyanya yake humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Mimi nilizaliwa usiku, ndiyo maana naitwa Athieno, lakini jina hilo halikunitosha. Nilitajiwa jina la babu nikazidi kulia, nikalililia la mama yake babu, nikawalilia wote waliozikwa nyuma ya nyumba yetu. Nyanya alipochoka alimwelekezea mdomo Sista, aliyekuwa ananawa mikono, akasema, "Taja la kwenu basi, pengine huyu amepotea njia." Sista akalitaja. Nikanyamaza hapo hapo. Lilitajwa barabara, na mwenyewe, kwa midomo ya kwao. Tangu siku hiyo mimi ni somo yake, na anayeliharibu jina lake ananiharibia langu.

3. Majina ya Kijerumani si magumu, mtu akiwa na subira. Naeleza kwa faida ya ofisi yako, kwani nasikia Wajerumani wengine wataondolewa, na ni vizuri waondolewe kwa heshima. Herufi W husomwa kama V. Herufi V nayo wanayo, lakini wameipa kazi ya F. Hawa ni watu wa mpango, ila hapo sijui walikuwa wanawaza nini. J ni Y, kwa hiyo Padre Jäger, tuliyezoea kumwita Jaga, ni "Yega", na pengine ndiyo sababu haitiki. Ile Z husomwa "ts", kama unavyomfukuza kuku bila kumchukia. Sasa jina la Sista. Anza na V. Halafu kunja midomo kana kwamba unapuliza moto wa kuni mbichi, na midomo ikiwa hivyo hivyo, useme "i" kwa ndani. Usiilegeze. Kisha pitisha pumzi juu ya ulimi, taratibu, kama paka aliyemwona mbwa wa mbali. Malizia na "na", lakini usiikanyage; iache kama mtu aliyeitwa kabla hajamaliza maneno. Nilipokuwa mdogo nilifanya mazoezi haya kisimani, na wenzangu walidhani naumwa meno.

4. Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu agizo lisimamishwe mpaka Sajini Emuron aweze kulitamka jina. Mwalimu anayefaa ni mmoja tu katika wilaya nzima, naye ni Sista mwenyewe; kwa hiyo itabidi asiondoke wakati masomo yanaendelea. Mimi nilihitaji shule ya msingi yote. Sajini ni mtu mzima mwenye kazi nyingi, lakini naamini kwa bidii ataweza katika muda huo huo. Akishindwa mtihani, arudie darasa kama sisi tulivyorudia. Hatutamcheka. Kwa Mzee Wandera siwezi kuahidi.

5. Ikiwa ofisi itaona kwamba agizo litekelezwe hivyo hivyo, bila matamshi, basi nauliza: ni Wüchner yupi anayetakiwa kuondoka? Sikuwa mimi peke yangu niliyenyamazishwa na jina hilo. Habari zilienea, na akina nyanya wa Kiyeyi wakawa wanaanza na hilo kabla ya majina ya marehemu, ili walale mapema. Yuko Okumu Wüchner anayechunga mbuzi wa kanisa. Wako mapacha wa kwa Elinah, wote wawili. Na bila kumchongea mtu, yuko mtoto wa pili wa Sajini Emuron, ambaye mama yake alifikishwa kwa Sista na uchungu, akiwa amebebwa juu ya mlango kama machela. Sote tutafunga mizigo. Tutafika mpakani Busia na majembe na kuku wetu, na afisa wa Kenya atauliza hawa Wajerumani wote wametoka wapi. Tena nimesoma shuleni kwamba Ujerumani ziko mbili. Naomba ofisi yako itueleze mapema ni ipi, ili tusiwasumbue wasiohusika.

6. Jambo hili halihusiani na matamshi, lakini nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena. Dada yangu Awor ni mjamzito. Mimba zake mbili za kwanza zilifika wakati barabara imefungwa na askari, akajifungulia nyumbani, na wale watoto hawakulia kabisa, wala hatukupata nafasi ya kuwatajia jina. Huyu wa tatu amelala kingamo tumboni. Sista anamgeuza kila wiki kwa mikono yake, polepole, akiipaka sabuni ambayo sitasema ilikotoka. Anasema mtoto atazaliwa mwisho wa mwezi. Nanyi mmesema kabla ya mwisho wa mwezi. Nimejaribu kuzipatanisha siku hizi mbili, nikashindwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sidai Serikali ibadili neno lake. Ninachoomba ni ilitamke sawasawa, na isiharakishe.

Nisalimie Mama watoto wako, makarani wako wote, na yule aliyepiga chapa karatasi ile bila kuweka vile vidoti viwili juu ya u. Mwambie hatumlaumu, huenda mashine yake haina. Baba anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye aibu nyingi,
Athieno Wüchner

Nyongeza, nikiwa nimekwisha kutia sahihi:

Barua hii ilikaa chini ya godoro kwa sababu ya woga wangu, na mambo yamenipita. Awor alishikwa na uchungu siku mbili kabla ya mwezi kwisha, alfajiri. Sista aliingia asubuhi akatoka jioni. Mtoto ni wa kiume, na alilia vizuri sana. Sista alinawa mikono, akambusu Awor kwenye paji la uso, akapanda nyuma ya baiskeli ya mtu nisiyemjua, akaenda Busia akavuka. Niliikimbilia baiskeli nikimwita kwa jina lake, kwa V na kwa midomo ya kupuliza moto. Aligeuka akicheka na kulia, akaniambia, "Athieno, mwanangu, hata wewe hujawahi kulisema sawa."

Mtoto hakunyamaza. Nyanya alimtajia marehemu wote, akakataa. Akamtajia Wüchner, kwa namna yetu, akazidi. Nikalitaja mimi, kwa kanuni zangu zote, akajikojolea. Ndipo Mzee Wandera, aliyekuwa amekaa nje akisubiri pombe, alipomwiga Sajini kwa sauti ya baraza: "Wakanari!" Mtoto akanyamaza, akafumba macho, akalala.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yangu yote kuanzia la kwanza hadi la tano. Sajini alitamka sawa, tena kabla yetu. Naona pia ni wajibu wangu kuiarifu Serikali kwamba Wakanari aliyetajwa katika agizo lenu sasa yupo, anaishi Kiyeyi kwa mama yake. Mwezi umekwisha na hajaondoka. Anaomba asubiriwe kidogo, shingo yake bado haijakaza.